Gari la Haibridi kwa Familia ya Embu: Historia Kwanza, Mafuta Baadaye
Mada iliyotolewa kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Embu mjini



Bonasi ya majani chai ikishalipwa, maombi ya mikopo ya magari huongezeka, na siku hizi wengi wanauliza kuhusu haibridi. Sababu tunaijua. Septemba 2023 lita ya petroli ilipita shilingi 200 kwa mara ya kwanza nchini, Nairobi ikafika 211.64. Bei ilishuka baadaye, lakini mzazi anayepeleka watoto shule kutoka Kibugu au Kianjokoma hadi mjini kila asubuhi hajasahau.

Msimamo wangu nausema mapema. Haibridi ni gari zuri kwa familia ya hapa, mradi historia ya gari lenyewe inajulikana na betri yake kubwa imepimwa. Hayo mawili yakikosekana, chukua gari la kawaida la petroli lenye karatasi safi, na usijute.

Haibridi tunazoziona hapa hazichomekwi kwenye stima. Zina injini ya petroli, mota ya umeme na betri inayojichaji gari linapopunguza mwendo. Ndiyo maana hupunguza sana mafuta kwenye msongamano wa Thika Road, au mjini kwetu siku ya soko. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka, kama kutoka Makutano kwenda Embu, faida ipo lakini ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. Na unapopanda mlima mrefu ukiwa na abiria watano na magunia, injini ndiyo inayofanya kazi karibu yote.

Kuna jambo kuhusu milima yetu ambalo wenye yadi hawalielezi. Betri ya Toyota Aqua ya kwanza, iliyotoka Desemba 2011, ni ya volti 144 na uwezo wake haufiki hata kilowati-saa moja. Ukiteremka kutoka Kianjokoma, inaweza kujaa kabla hujafika chini. Ikijaa, mota haina tena pa kupeleka nguvu ya mteremko, na dereva aliyezoea mota imsaidie kushika gari anabaki na breki za kawaida zinazozidi kupata moto. Kwenye Toyota hizi kuna nafasi ya gia iliyoandikwa B. Wengi hawaigusi tangu wanunue gari. Kwenye mteremko mrefu iweke, injini ikushikie gari. Kwa anayekwenda Chuka na Meru hili ni la lazima. Sote tunakumbuka Julai 2022, basi lilipotumbukia kwenye bonde la Nithi na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Barabara ile haina huruma kwa breki zilizochoka, ziwe za basi au za gari dogo.

Sasa, gari gani? Mimi huanza kwa kuuliza fundi wa karibu anajua lipi. Aqua, pamoja na Axio na Fielder za haibridi zilizotoka 2013 na Sienta ya haibridi ya 2015, zinatumia injini ya lita 1.5 ya ukoo mmoja, spea zake zinapatikana, na mafundi wengi wameshazifungua. Giaboksi yake haina mkanda wala klachi ya kuungua. Kwa familia ya watoto wawili au watatu, Fielder ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza: ina buti ya kubeba ndizi na mahindi kutoka shambani, na haiburuzi tumbo kirahisi kama Aqua, ambayo imeinuka milimita 140 tu kutoka ardhini. Atakayesema ataiinua Aqua kwa kuweka vipande juu ya springi ajue kwamba anabadilisha jinsi gari linavyokaa kwenye kona, na mwanga wa taa zake za mbele nao unahama.

Honda Fit na Vezel za mwishoni mwa 2013 ni magari matamu kuendesha. Lakini kufikia mwishoni mwa 2014 Honda ilikuwa imeyaita mara kadhaa kwa marekebisho huko Japani, mengi yakihusu giaboksi ya klachi mbili. Giaboksi ya namna hiyo haipendi kupanda mlima polepole nyuma ya lori la mchanga. Fit ya 2020 ilibadilishiwa mfumo, kwa hiyo usiziweke zote kapu moja. Nissan Note e-Power ya 2016 nayo ni ya aina yake: magurudumu huzungushwa na mota peke yake, injini ikizalisha umeme tu. Ni nyororo sana mjini. Kabla ya kuinunua, tafuta kwanza fundi aliyewahi kuitengeneza.

Nirudi kwenye betri, maana hapo ndipo pesa zinapopotelea. Ya Aqua ina moduli 20, kila moja ikiwa na volti 7.2. Moduli moja ikidhoofika, nyingine zinavutwa chini pamoja nayo. Wapo mafundi wanaobadilisha ile moja tu kwa kuweka iliyotumika. Taa ya onyo inazima, gari linauzwa, na baada ya muda mfupi taa inarudi kwa mmiliki mpya. Kwa hiyo usitosheke na dashibodi safi. Fundi achomeke kompyuta asome volti za kila sehemu ya betri, gari likiwa limesimama na pia likiwa linapanda mlima. Sehemu moja ikishuka mbali na wenzake, ondoka.

Adui mkubwa wa betri hiyo hapa kwetu ni vumbi. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Anayeishi Siakago au Kiritiri, penye vumbi jekundu, au anayetupa blanketi la mtoto mbele ya tundu hilo, anaipika betri bila kujua. Chujio na feni visafishwe kila gari linapofanyiwa huduma. Mwambie fundi wako wazi, kwa sababu si wote wanaokumbuka.

Kuhusu usalama wa watoto, angalia taa ya mifuko ya hewa. Ukiwasha gari lazima iwake, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameikata ili kuficha mifuko iliyokwisha kulipuka katika ajali. Baadhi ya Fielder na Aqua kuanzia 2015 zina kamera ya kusaidia kufunga breki, nyuma ya kioo cha mbele. Kioo kikibadilishwa kiholela, kamera hiyo haitaona sawasawa. Hata gari jipya huulizwa maswali: Mei 2023 Daihatsu ilisimamisha uuzaji wa Rocky na Raize za haibridi baada ya kugundulika kuwa taarifa za jaribio la kugongwa ubavuni hazikutolewa ipasavyo. Tena haibridi huondoka kimya. Katika boma lenye watoto, neno READY likiwa bado linaonekana kwenye dashibodi, gari hilo liko tayari kutembea hata kama hulisikii. Lizime kabla hujashuka kufungua geti. Na nyaya za umeme mkubwa, zile za rangi ya chungwa, zisiguswe na fundi wa kuchomelea asiyejua kukata umeme wa betri kubwa.

Kiwango cha KS 1515 cha shirika la viwango nchini, KEBS, kinataka gari linaloingizwa nchini lisizidi miaka 8. Maana yake betri inaweza kufika Mombasa ikiwa tayari imefanya kazi miaka saba. Karatasi ya mnada ya Japani itakuambia kilomita za kweli na kama gari liliwahi kugongwa. Alama ya R inaonyesha limetengenezwa baada ya ajali. Muuzaji akisema karatasi imepotea, namba ya chesisi bado ipo, na kwa namba hiyo rekodi za mnada mara nyingi hupatikana.

Ombi langu kwa kamati ya mikopo ni hili. Mwanachama anapoomba mkopo wa haibridi, fomu yake iambatane na karatasi ya mnada pamoja na matokeo ya kupima betri yaliyosainiwa na fundi asiyelipwa na muuzaji. Gharama ya kipimo hicho iongezwe ndani ya mkopo, na hundi isitoke kabla karatasi hizo mbili hazijafika mezani.