Zamu ya Sauti: Ugawaji wa Masafa kwa Simu za VoLTE



Mtandao wa 4G ulibuniwa kwa ajili ya data. Hauna njia ya pekee ya sauti kama iliyokuwapo 2G, ndiyo maana simu isiyo na VoLTE hushushwa hadi 2G au 3G mtu anapopiga. Kwa VoLTE sauti inabaki ndani ya 4G, lakini inasafiri kwa pakiti na kugombea zamu na video za watu. Hoja yangu ni kwamba zamu hiyo mara nyingi tunaipima kwa kipimo kisichoifaa sauti.

Mnara hugawa masafa upya kila milisekunde 1. Kwenye upana wa megahezi 10 una vipande 50 vya kugawa. Mtu anapoongea, simu yake hutoa pakiti moja kila milisekunde 20. Kwa kodeki ya kilobiti 12.65 kwa sekunde, sauti yenyewe ni baiti 32 hivi, ilhali vichwa vya IPv6, UDP na RTP ni baiti 60. Bila kuvibana, bahasha inaizidi barua uzito.

Hata vikibanwa, kila mgao lazima utangazwe kwenye chaneli ya udhibiti, na chaneli hiyo ni finyu. Simu zikiwa nyingi, nafasi ya matangazo inaweza kwisha huku vipande vya masafa vikibaki bure. Dawa iliyopo ni kutangaza mara moja tu: simu hii itapata vipande hivi kila milisekunde 20, hadi msemaji atakaponyamaza. Inamfaa aliyetulia nyumbani. Aliye kwenye basi mawimbi yake hubadilika kila mara, na mgao usiobadilika unamponza. Huyo apangiwe upya kila pakiti.

Sasa kipimo. Wastani wa kasi hauniambii kama watu wanaelewana. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ilipotathmini teknolojia za 4G, ilimhesabu mtumiaji kuwa amekosa huduma ya sauti ikiwa chini ya asilimia 98 ya pakiti zake zilifika ndani ya milisekunde 50 za njia ya redio. Nakiunga mkono kipimo hicho kwa nguvu zote, kwa sababu kinamtazama mtu mmojammoja. Wastani mzuri wa mnara humficha aliye pembezoni anayerudia “halo, halo” bila kusikika.

Huyo wa pembezoni hukwama zaidi anapotuma kuliko anapopokea, kwani nguvu ya simu yake ni ndogo. 4G inaruhusu pakiti yake irudiwe katika milisekunde 4 mfululizo bila kusubiri jibu. Inakula masafa, nami naona ni haki yaliwe. Mnara ukielemewa, afadhali ukatae simu mpya kuliko kuzikatakata zote zilizomo, na video zisubiri: zina akiba ya sekunde kadhaa, mazungumzo hayana.