Mwenza Aliyebaki Kituoni: Mada Kuhusu Mafunzo ya Kati ya Wafanyakazi wa Kujitolea Kutoka Ng'ambo

Mada iliyowasilishwa kwa waratibu, wakufunzi na wafanyakazi wa kujitolea, Mikindani, Mtwara

Utangulizi

Ndugu Mwenyekiti, ndugu waratibu na wakufunzi, nanyi wageni wetu mliowasili jana kutoka Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na Lindi, nimeombwa nizungumzie umuhimu wa mafunzo ya kati. Mengi yanayoingia chini ya kichwa hicho mnayafahamu, hivyo nitayapita mbio ili nibakiwe na muda wa jambo moja ambalo waratibu wenzangu wamenichoka nalo. Naomba pia ieleweke mapema kwamba maoni haya ni yangu, si msimamo wa ofisi iliyonituma.

Maana ya istilahi

Mfanyakazi wa kujitolea kutoka ng'ambo ni mtu anayekuja kufanya kazi kwa muda maalumu, mara nyingi miaka miwili, akilipwa posho ya kujikimu badala ya mshahara, na mwenye kibali cha ukaazi daraja C. Mafunzo ya awali hutolewa kabla hajaenda kituoni. Mafunzo ya kati ndiyo haya ya leo: mtu amekwishaonja kazi, anaitwa kukutana na wenzake aliofika nao nchini. Mwenza wa kazi ni Mtanzania aliyepangwa kufanya naye kazi. Istilahi hii ya mwisho tutairudia sana.

Historia kwa ufupi

Shirika la kujitolea la VSO la Uingereza lilianzishwa 1958. Peace Corps ya Marekani ilianzishwa 1961, na kundi lake la kwanza la Tanganyika, wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, liliingia mwaka huohuo kabla ya sherehe za Uhuru. JOCV ya Japani ilifuata 1965. Peace Corps waliondoka nchini 1969, tukiwa katika joto la sera ya Elimu ya Kujitegemea, wakarejea 1979. Hapa Mikindani penyewe tunawakumbuka Trade Aid, shirika la Uingereza lililolikarabati Boma la Wajerumani la 1895 na kulifanya hoteli. Wako pia vijana wa kujitolea wa shirika la Frontier waliopiga mbizi kwenye matumbawe ya Mtwara mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kutangazwa mwaka 2000. Ripoti zao ni kazi ya heshima, na ziliandikwa kwa Kiingereza.

Nyinyi mnaopanda basi Dar es Salaam alfajiri na kushuka Mtwara jioni mwaweza kudhani semina kama hii ni jambo la kawaida. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, gari lilisubiri kivuko cha Ndundu, na masika barabara ya Lindi ilikuwa matope matupu. Mwalimu wa kujitolea aliyepangiwa Kusini aliweza kumaliza msimu mzima wa mvua asimwone hata mmoja wa wenzake.

Faida ya kukutana

Wapo wahasibu wanaoiona siku ya kwanza ya semina kuwa starehe, wakashauri ifutwe. Nasema iachwe. Jana jioni niliwaona barazani. Mtu aliyekaa miezi Tandahimba bila kusikia lugha ya mama yake alizungumza mpaka chakula kikapoa. Mmoja alikuwa anaonyesha kovu la pikipiki, mwingine anauliza nani mwingine ana darasa la wanafunzi themanini na vitabu vitano. Wa tatu, nasikia, amekuja na barua ya kuacha kazi mfukoni. Sidhani kama ataitoa. Wengi wanaokatiza mkataba ujuzi wanao. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba na yeye huko Masasi yalimfika hayohayo, yakapita. Kazi hiyo mkufunzi hawezi kuifanya, hata awe na slaidi nzuri kiasi gani.

Tatizo

Sasa nauliza: wakati huo wa barazani, mwenza wa mgeni yuko wapi? Yuko kituoni. Anashika vipindi vyake na vya mgeni pia, kwa sababu mgeni ameitwa semina.

Mwenza huyu amepangiwa mtu asiyemchagua, mara nyingi mdogo kwake kwa umri. Ameambiwa amtafutie nyumba, amtafsirie kwa mwenyekiti wa kijiji, amtetee akimwamkia mzee kwa "mambo", amsindikize zahanati homa ikipanda. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye tathmini yake ya utendaji kazi. Naye angependa kumwuliza mwenza wa Nachingwea: wa kwako naye hukasirika kikao kikichelewa? Wewe ulifanyaje? Hatujawahi kumpa baraza la kuuliza hayo.

Kisha mgeni anarudi kutoka semina na mpango kazi uliobuniwa kwenye bango kitita, kwa Kiingereza. Jina la mwenza limeandikwa humo mbele ya kazi ambazo hakuulizwa. Anaitikia, maana sisi hatumkatalii mgeni usoni. Mgeni anaandika kwenye ripoti kwamba mwenza amekubali. Ofisi inafurahi.

Matokeo tunayaona mkataba ukiisha. Kuna shule ya kata niliyoitembelea ambako kompyuta zilizopokelewa kwa ngoma zimefunikwa vitambaa: nywila iliondoka na mwenyewe. Kuna kijiji cha pwani chenye pampu ya maji ya sola iliyosimama. Maelekezo yake yamo kwenye faili la Kiingereza, na fundi wa palepale, mtu hodari anayefufua mashine za boti, hakuitwa siku ya kufunga mtambo. Kila mara tunaambiwa wananchi hawakuwa na moyo wa umiliki. Ndugu zangu, mtu hamiliki kitu ambacho ufunguo wake hakuwahi kuushika.

Machi 2020 ilitupa mtihani. Kwa sababu ya korona, Peace Corps iliwaondoa wafanyakazi wake wote wa kujitolea duniani, takriban 7,000 katika nchi zipatazo 60. Wengi walipata siku chache za kufunga mizigo. Hapakuwa na makabidhiano. Katika vituo ninavyovijua mimi, mwenza aliyekuwa ndani ya kazi tangu mwanzo aliendelea nayo. Aliyekuwa msindikizaji alibaki na stoo iliyofungwa na maswali ya wazazi.

Nimeandika pendekezo la kumleta mwenza katika kila mwaka wa bajeti. Majibu ni mawili: fungu halijatengwa, au suala linafanyiwa kazi. Simlaumu mtu. Natambua taratibu za wafadhili, na natambua kwamba mtumishi wa halmashauri hatoki kituoni bila ruhusa ya mwajiri wake. Lakini semina iliyopita kila mshiriki alipewa fulana na begi lenye nembo, na sidhani kama nauli ya basi kutoka Newala hadi hapa inazidi bei ya begi lile. Fungu la begi lilipatikana.

Tena kumwalika mwenza si jambo geni. Peace Corps huwaalika wenza katika baadhi ya mafunzo yao. Katika mpango wa vijana wa kujitolea uitwao ICS, uliogharamiwa na serikali ya Uingereza, VSO na wengine waliwapanga vijana wa Uingereza na wa Kitanzania wawiliwawili, wakaishi nyumba moja na kufundishwa pamoja. Kwa hiyo anayesema haiwezekani aseme hataki, tujue.

Hoja moja ya wapinzani wangu naiheshimu: wageni hawatasema ya moyoni mwenza akiwa ukumbini. Ni kweli, na mwenza naye hatasema. Ndiyo maana naomba siku mbili za mwanzo kila upande ukae peke yake. Wenza nao walalamike, wacheke, waige namna wageni wanavyosalimia. Siku ya tatu wakutane wote.

Mapendekezo

Kwanza, mwenza aalikwe. Barua ya mwaliko iandikwe kwa jina lake, nakala kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, mapema kabla ratiba za mitihani hazijabana.

Pili, alipwe posho na nauli kwa kiwango kilekile cha mshiriki mwingine, alale palepale. Kumpa soda na kumrudisha jioni kwa daladala ni kumwonyesha nafasi yake.

Tatu, mpango kazi uandikwe na wote wawili, kwa Kiswahili, na usisainiwe pasipo mwenza kuwepo. Mgeni aliyefundishwa Kiswahili kwa miezi miwili au mitatu, akakaa kituoni, anaweza kuwasilisha kazi yake kwa lugha hiyo. Atakosea ngeli, tutamvumilia, tumezoea.

Makabidhiano yaanze kwenye mafunzo haya ya kati, si wiki ya kuaga. Nywila, funguo, namba ya muuza vipuri na maelekezo ya mtambo viwe mikononi mwa watu wawili tangu siku ya kwanza. Fundi wa kijiji aitwe siku ya kufunga mtambo. Taasisi zinazofanya tafiti za bahari au za afya kwenye ukanda huu ziache muhtasari wa Kiswahili katika ofisi ya kijiji au ya mtaa, Msimbati kama vile Mikindani.

Wakuu wa shule nao waelekezwe kuhesabu kazi ya mwenza katika tathmini yake. Siku ya kukutana barazani ibaki, na iwe ya pande zote mbili. Na, nairudia makusudi kwa sababu ndiyo iliyonileta, mwenza aalikwe.

Ndugu Mwenyekiti, maazimio yatasomwa kesho mchana. Naomba hili lisifungwe ndani ya azimio la jumla la "kuimarisha ushirikiano". Lipigiwe kura peke yake, na pembeni yake liandikwe jina la mratibu atakayelifuatilia na tarehe ya kutoa jibu.