Wanga Ukipungua, Ni Lazima Nyama Iongezeke?



Kwa miaka kadhaa sasa ushauri mmoja umeenea Afrika Mashariki, kwenye makundi ya WhatsApp, redioni, hata kwenye mabenchi ya kliniki za kisukari: acha ugali, acha wali, acha chapati, kula nyama, mayai na parachichi, kunywa supu, wala mafuta usiyaogope. Wapo waliopungua mpaka suruali zao zikarudishwa kwa fundi cherehani. Wapo walioshindwa wiki ya pili kwa kizunguzungu na choo kigumu. Kila upande unasimulia yaliyoupata, na kila upande unamwona mwenzake mbishi.

Ushauri huo si mpya. Mwaka 1863 William Banting, mwenye biashara ya mazishi jijini London, alichapisha kijitabu akieleza jinsi daktari wake alivyomkataza mkate, sukari, bia na viazi, naye akapungua baada ya miaka mingi ya kuhangaika na unene. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Robert Atkins, aliufufua kwa kitabu kilichouzwa kwa mamilioni. Afrika Kusini ulaji huo unaitwa kwa jina la Banting mpaka leo, na aliyeupigia debe zaidi ni Profesa Tim Noakes, bingwa wa sayansi ya michezo aliyekuwa amewafundisha wakimbiaji kula wanga kwa wingi kabla ya kugeuka. Mwaka 2014 alimshauri mama mmoja kupitia Twitter amwachishe mtoto ziwa kwa vyakula vyenye wanga kidogo. Baraza la taaluma za afya la nchi hiyo likamfungulia shauri la maadili. Mwaka 2017 alionekana hana hatia, na rufaa ya mwaka uliofuata haikubadili uamuzi.

Ndani ya ushauri huo mmoja yamo mambo mawili: kupunguza wanga, na kuziba pengo lake kwa nyama. Mhadhara huu unayatenganisha, kwa sababu sehemu kubwa ya faida zinazosifiwa inatokana na la kwanza, na sehemu kubwa ya hatari inatokana na la pili.

Wamasai na maziwa yao

Anayetetea ulaji wa nyama hachelewi kuwataja Wamasai. Sababu anazo. Mwaka 1931 John Boyd Orr, Mskoti ambaye baadaye aliliongoza Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, alishirikiana na J. L. Gilks wa idara ya tiba ya Kenya kuchapisha ripoti iliyolinganisha afya ya Wamasai na ya Wakikuyu. Mwanaume wa Kimasai alimzidi wa Kikikuyu urefu kwa inchi 5 na uzito kwa ratili 23, na alipopimwa nguvu alimzidi kwa asilimia 50. Kwa Wakikuyu, walioishi zaidi kwa nafaka na mazao mengine ya shamba, kulionekana kwa wingi upungufu wa damu, meno yaliyooza, mifupa yenye kasoro na vidonda vya miguu.

Ukurasa huo hunukuliwa sana. Ule unaosema kwamba Wamasai ndio waliosumbuliwa zaidi na kufunga choo na baridi yabisi haunukuliwi. Wala hainukuliwi habari kwamba tofauti kati ya wanawake wa jamii hizo mbili ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume, na kwamba wanawake wa Kikikuyu walikula mboga za majani kuliko waume zao.

Miaka ya 1960 akaja George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Alipima mamia ya Wamasai wa Tanganyika na kukuta lehemu katika damu iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni haba, ingawa chakula chao kilijaa mafuta ya wanyama. Watetezi wa nyama hutua hapo. Lakini Mann hakutua. Mwaka 1972 alichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo 50 ya Wamasai waliofariki. Mishipa ya moyo ilikuwa na utando wa mafuta usiopishana sana na wa Wamarekani wazee. Kilichowanusuru ni kwamba mishipa hiyo ilikuwa imepanuka, kwa hiyo damu iliendelea kupita. Mann mwenyewe aliona kuwa mwendo wa kila siku nyuma ya mifugo ndio uliochangia.

Kuna jambo jingine, nalo linahitaji hesabu kidogo. Chakula kikuu cha morani aliyechunguzwa na Mann kilikuwa maziwa. Nyama ililiwa mara chache kwa mwezi. Morani huyo aliweza kunywa lita 3 hadi 5 za maziwa kwa siku. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina sukari ya asili karibu gramu 48. Lita 3 zina gramu 140 hivi, na hata yakigandishwa kibuyuni, sukari hupungua lakini haiishi. Atkins alimruhusu mfuasi wake gramu 20 tu za wanga kwa siku katika wiki za mwanzo. Kwa kipimo hicho morani asingemaliza hata nusu lita kabla ya kuambiwa amevunja masharti.

Ongeza nafaka zilizopatikana kwa majirani wakulima wakati wa kiangazi. Ongeza supu iliyochemshwa kwa magome ya olkiloriti, yaani mgunga. Ongeza na miezi ya njaa. Mlo wa Wamasai wa zamani ulikuwa mlo wa wafugaji, wenye misimu yake na kazi zake. Mfanyakazi wa ofisini anayekula kilo ya nyama choma kila jioni na kurudi nyumbani kwa gari hana haki ya kuuita wake.

Wanga unapoondoka

Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji. Mtu akiacha wanga ghafla, akiba hiyo huisha ndani ya siku chache na maji yake hutoka kwa mkojo pamoja na chumvi. Ndiyo maana mizani hushuka kilo mbili au tatu wiki ya kwanza, na ndiyo maana kichwa huuma na miguu hulegea. Mafuta yenyewe bado hayajaguswa sana. Baada ya hapo ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, ambazo ubongo unaweza kuzitumia badala ya sehemu kubwa ya glukosi.

Hali hiyo ina matumizi ya kitabibu yasiyo na ubishi. Tangu miaka ya 1920 imetumika kutibu kifafa cha watoto kisichosikia dawa. Jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 2008 lilionyesha kuwa asilimia 38 ya watoto waliopewa mlo wa kuleta hali hiyo walipungukiwa na degedege kwa zaidi ya nusu, dhidi ya asilimia 6 ya waliokuwa wakisubiri kuuanza.

Kwa kisukari cha aina ya pili, ushahidi ni mzuri kwa muda mfupi. Uchambuzi wa majaribio 23, uliochapishwa mwaka 2021, uligundua kuwa baada ya miezi 6 asilimia 57 ya waliopunguza wanga walikuwa na sukari iliyorudi chini ya kiwango cha ugonjwa, dhidi ya asilimia 31 ya wengine. Miezi 12 ilipotimia tofauti hiyo ilikuwa imefifia sana. Watu hurudi kwenye mazoea, na mlo usiodumu hauna dawa ndani yake.

Kwa unene, mchezo unakaribia sare. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuatilia watu wazima 609 kwa mwaka mzima. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta, kilo 5.3. Kitakwimu hakukuwa na mshindi. Lakini ndani ya kila kundi walikuwapo waliopungua kilo nyingi mno na wengine walionenepa, na makundi yote mawili yalikuwa yameagizwa kuacha sukari na unga uliokobolewa, kula mboga na kupika nyumbani.

Mwaka 2021 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha jaribio lililowaweka watu 20 wodini kwa mwezi mmoja, wakila watakavyo. Wiki mbili walipewa mlo wa wanyama wenye wanga kidogo, wiki mbili mlo wa mimea wenye mafuta kidogo. Walipokuwa kwenye mimea walikula pungufu kwa kalori 689 hivi kwa siku bila kulalamika njaa. Walipokuwa kwenye nyama, sukari na insulini zao zilikuwa chini zaidi. Kila upande uliondoka na hoja mkononi.

Nyama yenyewe

Nyama ina sifa zake, na Afrika Mashariki haina sababu ya kuzidharau. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa, wana upungufu wa damu. Si wote wamekosa madini ya chuma, kwani malaria na minyoo vina mchango wao, ila chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha mchicha, na vitamini B12 haipatikani kwenye mahindi wala maharage.

Embu, nchini Kenya, jambo hili lilijaribiwa kuanzia mwaka 1998 katika shule 12 za msingi. Watoto waligawiwa githeri, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja: kundi moja lilipata githeri iliyoongezwa mafuta, jingine githeri na maziwa, jingine githeri yenye nyama ya kusaga, kundi la nne halikupewa chakula cha shule. Waliokula nyama ndio waliopanda zaidi kwenye mtihani wa kufikiri na kuonekana wachangamfu zaidi uwanjani. Ifahamike nyama hiyo iliwekwa wapi: iliingizwa ndani ya githeri. Hakuna aliyeondoa mahindi.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kuisababisha. Gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Ni asilimia 18 ya hatari ambayo kwa mtu mmoja ni ndogo, kwa hiyo soseji ya sikukuu haipaswi kumkosesha mtu usingizi. Mwenye kuila kila asubuhi kwa miaka ishirini ana hesabu tofauti.

Mwaka 2018 jarida la Lancet Public Health lilichapisha ufuatiliaji wa Wamarekani zaidi ya 15,000. Waliopata nusu hivi ya nishati yao kutoka kwenye wanga ndio walioishi zaidi. Waliopunguza wanga wakaweka nyama walikufa mapema zaidi; waliopunguza wanga wakaweka karanga, kunde na mafuta ya mimea waliishi zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi chanzo, lakini unaonyesha kwamba kupunguza wanga hakuna matokeo mamoja. Yanategemea kilichokaa mahali pake.

Kuna pia nyuzinyuzi, ambazo nyama haina hata chembe. Kuna jongo na mawe ya figo kwa wenye asili hiyo. Na kuna lehemu, ambayo kwa baadhi ya watu hupanda vibaya wanapokula mafuta ya wanyama bila wanga, hata kama kitambi kimeisha.

Anayepaswa kujihadhari

Hatari iliyo karibu kuliko zote humpata mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenclamide au kuchoma insulini. Dozi yake ilipangwa kwa mtu anayekula ugali. Akiuacha leo bila dawa kupunguzwa, sukari inaweza kushuka usiku mpaka akapoteza fahamu. Mabadiliko hayo yaanzie kwa daktari. Wenye ugonjwa wa figo, wajawazito na wanaonyonyesha nao wasifuate agizo la redioni.

Wengine hawahitaji kuuacha ugali kabisa. Chukua siku ya kawaida ya mtu wa mjini: asubuhi chapati mbili na chai ya vijiko vitatu vya sukari, mchana ugali wa gramu 200 za unga na soda, usiku wali wa gramu 100 za mchele. Wanga wake unakaribia gramu 370. Sasa ale chapati moja, chai isiyo na sukari, ugali nusu, maji badala ya soda, na wali nusu. Anabaki na gramu 160 hivi. Amepunguza zaidi ya nusu, na bucha hajaipita. Sahani ina nafasi ya dagaa, mayai, mchicha, kisamvu, karanga na maharage, ambayo yana wanga wake lakini hayapandishi sukari kwa kasi ya sembe. Nyama ikipatikana, ni kitoweo kama ilivyokuwa siku zote.

Ushahidi mwingi uliotajwa hapa umetoka Ulaya na Marekani, kwa watu wanaokula mkate na viazi. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina wagonjwa, maabara na wataalamu wa lishe wa kuendesha jaribio la vyakula vya hapa, tena kwa gharama isiyotisha. Swali lake liwe jepesi: nusu ya ugali ikiondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa kwa kundi moja na nyama na kwa jingine na dagaa, maharage na mboga, sukari ya mgonjwa wa Morogoro au Kisumu itashuka kwa kiasi gani baada ya mwaka, wangapi watakuwa bado wanaufuata mlo huo, na kila mlo utawagharimu shilingi ngapi?