Sikio Ndilo Mlango wa Lugha

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni. Imepigwa chapa humu kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku ile.)



Niliombwa niseme juu ya kujifunza lugha mpya, jambo ambalo kila mmoja wetu hana budi kulikabili. Maana leo mtu yuko pwani, na kesho barua ya uhamisho yampeleka bara, akutane na watu ambao hata salamu yao haijui. Juu ya kamusi na vitabu vya sarufi mmekwisha kusikia mengi. Mimi nitasema juu ya kiungo kimoja tu, nacho ni sikio.

Sisi makarani ni watu wa jicho. Kazi yetu ni hati, majalada na barua, na hata lugha ya kigeni twaijua kwanza kwa kuiona imeandikwa. Ndiyo sababu waweza kumwona mtu aandikaye barua ya Kiingereza isiyo na kosa, lakini simu ikilia humtafuta mwenzake aipokee. Akili anazo, na maneno anayajua. Lakini maneno yale yamekaa machoni, hayajapata kuingia masikioni.

Na jambo hili si dogo kwa mtumishi wa watu. Mtu asemaye lugha vibaya hujiaibisha mwenyewe, na aibu yake huisha kwa kicheko. Lakini mtu asikiaye vibaya, naye ameshika kalamu, humdhulumu mwingine, tena bila ya yule mwingine kujua. Shahidi amesema "alipigwa", karani ameandika "alipiga". Tofauti ni sauti moja ya w iliyopita upesi. Lakini aliyeumizwa amekuwa mwenye kuumiza, na ile karatasi itasomwa na mtu ambaye hakumwona shahidi wala hakumsikia. Kadhalika "hatukulipi" na "hatukulipa". La kwanza ni kumwambia mtu aliye mbele yetu kwamba hatumlipi. La pili ni kusema kwamba malipo hayakutolewa. Mashauri mawili mbalimbali, na kati yao ipo irabu moja tu, ile ya mwisho.

Basi, yafaa tujue kwanza kwa nini sikio hushindwa. Sikio la mtu mzima halipokei sauti zote kwa usawa. Ni kama bawabu aliyefundishwa tangu zamani kuwatambua watu fulani mlangoni, na wengine wote huwaona ni wamoja. Mwaka 1984 wataalamu wawili huko Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walitoa habari za watoto wachanga waliolelewa katika nyumba za Kiingereza. Watoto wa miezi 6 hata 8 waliweza kutambua sauti mbili za Kihindi ambazo Kiingereza hakizitengi. Lakini kwa watoto wa miezi 10 hata 12 uwezo ule ulikuwa umepungua sana. Maana yake ni kwamba mtoto hajasema hata maneno kumi, na sikio lake limekwisha kuchagua.

Kwa hiyo mtu ambaye lugha ya mama yake haitengi r na l, akisikia "mahali" na "mahari" akaona ni neno moja, tusimcheke wala tusimwite mvivu. Bawabu wake hakupata kuambiwa kwamba hawa ni wageni wawili. Lakini tusimwache hivyo hivyo. Kwani shauri la ndoa litaamuliwaje vema, ikiwa mwandishi hajui kama wazee wanagombania mahali au mahari?

Tena, kila lugha ina mahali pake pa kuweka uzito. Katika Kiswahili habari kubwa hukaa mwanzoni mwa kitendo: ni nani, ni lini, ni ndiyo au siyo. "Ninakuja", "siji", "hawakuja": ukikosa mwanzo wa neno, umekosa shauri zima. Kiingereza ni vingine. Kwetu "kumi na tano" na "hamsini" hazifanani hata kwa kelele za soko. Kwa Kiingereza "fifteen" na "fifty" huanza sawasawa, na tofauti yake iko katika mkazo na katika sauti ya mwisho, mahali ambapo sikio letu limekwisha kupumzika. Ndivyo shilingi 50 zinavyokuwa 15 katika daftari.

Angalieni pia maneno "can" na "can't". Wengi wetu hungojea ile t ya mwisho. Lakini wenye lugha yao mara nyingi huimeza, na kinachowajulisha ni matamshi ya neno zima: "can" ya kukubali, katikati ya sentensi, hupita fupi na hafifu, karibu bila irabu, "can't" ya kukataa hutamkwa kwa nguvu. Asiyelijua hili kwa sikio, hata akiijua sarufi yote, ataandika ndiyo mahali pa siyo.

Mtasema, "Tutasoma zaidi, tutajua." Lakini karatasi haisemi yote. Neno "barabara" likiwa na mkazo mahali pa kawaida ni njia kuu. Mkazo ukirudi nyuma, maana yake ni sawasawa. Karatasi yaonyesha neno moja. Watu wa Mombasa hutenga kaa la moto na kaa wa pwani kwa pumzi inayofuata k, lakini maandishi tunayoyatumia hayaiandiki pumzi hiyo. Na mtu aliyelelewa kwa Kiswahili, akipelekwa kwa watu ambao lugha yao hupandisha na kushusha sauti, atakuta shida kubwa zaidi, kwa maana Kiswahili hakikumzoeza kuangalia kitu hicho. Katika Kinyarwanda neno "inda" ni tumbo, na "inda" ni chawa pia. Katika maandishi ya kila siku ni sawa, bali sikioni si sawa. Mganga wa zahanati aliyejifunza kwa kitabu tu atampa mgonjwa dawa gani?

Je, mtu mzima amekwisha, hana dawa? La. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni, wa Chuo Kikuu cha Indiana huko Marekani, walieleza jinsi walivyowazoeza Wajapani kutambua r na l za Kiingereza, shida iliyo ndugu ya hii yetu. Waliwasikilizisha maneno yaliyosemwa na watu kadha wa kadha, na kila jibu wakaambiwa papo hapo kama wamepata au wamekosa. Baada ya majuma machache walitambua vizuri zaidi kuliko mwanzo. Mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake walionyesha jambo la ajabu zaidi: Wajapani waliozoezwa kusikia tu, pasipo kufundishwa kutamka, matamshi yao nayo yaliendelea. Sikio liliufundisha ulimi.

Na mwaka 1974 Valerian Postovsky alitoa habari za wanafunzi wa Kirusi katika chuo cha lugha cha jeshi la Marekani, mjini Monterey. Kundi moja lilianza kusema tangu siku ya kwanza, kama ilivyo desturi. Kundi la pili halikulazimishwa kusema kwa muda wa majuma manne. Walisikiliza, na majibu yao waliyaandika. Walipopimwa baadaye, wale waliochelewa kusema hawakuwa nyuma. Waliwatangulia wenzao, hata katika kusema kwenyewe.

Nayataja haya kwa sababu njia ile ya kusikiliza na kuandika ni kazi yetu hasa. Ni ile imla tuliyoichukia shuleni. Basi nashauri tuifanye hivi.

Chagua maneno mafupi, ya dakika mbili au tatu, yaliyosemwa na mwenye lugha yake, ambayo waweza kupata maandishi yake pia. Sikiliza mara ya kwanza bila kalamu, upate kujua habari yenyewe ni nini. Sikiliza tena, uandike. Na pale usiposikia uache nafasi wazi, usijaze kwa kukisia. Ndipo ufungue maandishi ulinganishe. Makosa yako uyagawe mafungu matatu: maneno usiyoyajua kabisa, maneno unayoyajua kwa jicho ila sikio halikuyatambua, na maneno uliyoyasikia kuwa mengine. Fungu la kwanza ni la kamusi. Fungu la pili na la tatu ndilo deni la sikio, nawe utaona ni kubwa kuliko ulivyodhani. Mwisho ufunike karatasi, usikilize tena mpaka kila neno litoke wazi. Dakika kumi na tano kila siku zatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena usisikilize sauti ya mtu mmoja tu. Mwenye kuzoea sauti ya mwalimu wake hajajua lugha, amemjua mwalimu. Sikiliza wazee na vijana, wanaume na wanawake, wasemao pole na wasemao mbio.

Wako watakaosema, "Mimi sina mwenye lugha wa kunisemesha." Kwa Kiingereza udhuru huu umekwisha zamani. Jacques Roston alianzisha Linguaphone huko London mwaka 1901, akiuza masomo ya lugha kwa sauti; Shirika la Utangazaji la Uingereza lilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943; na leo simu iliyo mfukoni mwako yaweza kukuletea sauti, na kuirudia mara ishirini bila kuchoka wala kukuonea haya. Lakini jihadharini: redio inayosema pembeni siku nzima, na wewe unapiga hesabu, si mazoezi. Hiyo ni kelele ya mvua juu ya bati.

Na kwa lugha ya wilaya, mwalimu wako yuko karibu zaidi. Pengine ni tarishi aliyekaa kwenye benchi mlangoni, au mama auzaye ndizi mbele ya ofisi. Hapa ndipo penye ugumu wetu. Karani aliyesoma sana huona haya kumwambia tarishi, "Ndugu yangu, sema tena, sikusikia vema." Afadhali atikise kichwa kama mtu aliyeelewa, kisha akaandike alichokisia. Wenzangu, kule kutikisa kichwa ndiko kunakoharibu majalada. Kuuliza si ujinga. Tena kuna njia ya kuuliza isiyopunguza heshima ya mtu: mrudishie maneno yake. "Mzee, nimesikia kwamba mwanao alipigwa, siyo kwamba alipiga. Ndivyo?" Na hesabu katika simu isomwe tarakimu moja moja: moja, tano, au tano, sifuri. Nusu dakika hiyo humwokoa mtu na safari ya siku mbili.

Sisemi kwamba mtu anyamaze mwaka mzima. Asikiaye tu bila kusema atabaki mgeni kimya, na watu watamchoka. Ulimi hauna budi kutembea. Nasema tu kwamba sikio litangulie, na kwamba lipewe saa yake yenyewe ya kazi, kama tulivyolipa jicho miaka mingi ya shule.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, naleta shauri moja mbele ya chama. Tuwe na jioni moja kila juma, saa moja tu. Mmoja wetu asome, wengine waandike, kisha tulinganishe bila kuchekana. Juma moja iwe Kiingereza, juma la pili iwe lugha ya mmojawapo wa wanachama. Katika chumba hiki zimo lugha nyingi za nchi yetu, na kila mwenye lugha ni mwalimu ambaye hatujamtumia. Atakayehamishwa mwakani kwenda kwao na Bwana aliyekaa jirani yake usiku huu, aanze kumsikiliza leo.

Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Lakini wao walisema juu ya habari za mitaani, ambazo hulifikia sikio bila kutafutwa. Lugha ya mtu mwingine haliletewi; hiyo hulishwa kwa kazi. Na sisi ambao kazi yetu ni kuandika maneno ya watu, tuna deni kwao: kwamba yale tutakayoyaandika yawe ndiyo waliyoyasema.