Jirani Mkubwa Hupimwa kwa Njaa Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama)



Katika mwaka 2017 wakulima wetu wa mbaazi walivuna kwa furaha. Misimu iliyotangulia bei ilikuwa nzuri, na wengi walikuwa wameongeza mashamba. Mara, mwezi wa Agosti, Serikali ya Bara Hindi ikatangaza kwamba haitaruhusu mbaazi za nje kuingia nchini mwake zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Bei ikaporomoka. Magunia yakabaki majumbani, na mkulima ambaye hajapata kuiona Bara Hindi hata kwa picha akamwuliza mwenziwe: "Hawa watu tumewakosea nini?"

Hatukuwakosea lolote. Jibu lake ni refu zaidi ya hapo, na ndilo lililotuleta hapa leo. Twataka kuzungumza juu ya Bara Hindi na majirani zake, wa karibu na wa mbali, ili tujue dola kubwa huwatazamaje wale wanaokaa kandokando yake. Maana sisi nasi, tutake tusitake, tumo katika ujirani huo. Bahari ni moja. Kaskazi iliyoleta majahazi ya Kutch na Bombay kwa babu zetu ingali ikivuma, na wazee wetu wakumbuka masimulizi ya siku ambazo rupia ya Kihindi ilikuwa ndiyo fedha ya sokoni katika pwani hii, kabla ya shilingi kuingia mwaka 1921.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Bara Hindi ilijitawala tarehe 15 Agosti 1947. Leo ina watu zaidi ya bilioni 1.4, na tangu mwaka 2023 yahesabiwa kuwa ndiyo yenye watu wengi kupita nchi zote duniani. Viongozi wake hupenda kusema kwamba ujirani wao hauishii mipakani, bali wafika mbali, kuanzia Mfereji wa Suez mpaka Bahari ya Uchina Kusini. Maneno haya si ya majivuno matupu. Nyumba yenye watu wengi hivyo haiwezi kujilisha kwa bustani ya uani tu. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yasiyosafishwa wanayotumia hutoka nje, na mengi yake hupita baharini. Kwa hiyo yeyote atakayeziba njia ya bahari ameizima taa yao na kuyasimamisha magari yao.

Zamani ujirani huu ulikuwa zaidi wa maneno na heshima. Mwaka 1955, kule Bandung, nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana, na Bwana Nehru alikuwa miongoni mwa waliosikilizwa sana. Sisi wa Afrika hatuwezi kuusahau msaada wa sauti hiyo wakati wengi wetu tulikuwa hatuna sauti. Lakini heshima haijazi ghala. Mwaka 1990 Iraki iliivamia Kuwait, bei ya mafuta ikapanda, na fedha ambazo Wahindi waliokuwa wakifanya kazi huko walizipeleka kwao zikakatika. Serikali ikalazimika kuwarudisha kwa ndege watu zaidi ya 170,000. Mwaka uliofuata hazina ya fedha za kigeni ilibaki ya majuma machache tu, wakaweka rehani tani 47 za dhahabu kwa benki kuu za Uingereza na Japani. Ndugu zetu, taifa kubwa namna ile likampa mkopeshaji dhahabu yake, kama mjane apelekavyo bangili zake kwa sonara!

Fedheha ile iliwafundisha. Tangu hapo Bara Hindi ilianza kuutafuta ujirani kwa hesabu. Upande wa mashariki ilijiunga na mazungumzo ya umoja wa nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, na mkataba wa biashara ya bidhaa ukatiwa saini mwaka 2009. Upande wa magharibi ilizikaza nchi za Ghuba. Wahindi wapatao milioni tisa wanafanya kazi huko, wajenzi, wauguzi, madereva na wahasibu, na fedha wanazopeleka makwao zimeisaidia Bara Hindi kuwa nchi inayopokea fedha nyingi kuliko zote kutoka kwa watu wake walio ng'ambo. Mwaka 2022 mkataba mkubwa wa biashara na Falme za Kiarabu ulianza kutumika. Na mwaka 2018 manuari zao zilipata ruhusa ya kutumia bandari ya Duqm katika Omani. Biashara na manuari zilikwenda pamoja, kama ilivyo desturi ya dola tangu kale.

Lakini mtu asidhani kwamba mkubwa hufanya apendavyo. Pakistani imekaa katikati ya njia ya nchi kavu iendayo Afghanistan na Asia ya Kati, na uhasama wao wajulikana. Kwa hiyo Bara Hindi ikazunguka kwa bahari mpaka Uajemi, kwenye bandari ya Chabahar, na mwaka 2017 ngano yake ilipita huko kwenda kwa Waafghani. Mwezi wa Mei 2024 ikatia saini mkataba wa miaka kumi wa kuendesha gati bandarini hapo. Hata hivyo kila hatua ilikuwa ikitazama Washington, maana Marekani imeiwekea Uajemi vikwazo. Marekani ilipoondoa ruhusa yake mwaka 2019, Bara Hindi iliacha kununua mafuta ya Uajemi, ingawa yalikuwa karibu na yalimfaa. Basi yule aliyetufungia mlango sisi wa mbaazi, naye kuna mlango anaofungiwa. Kila mkubwa ana mkubwa wake.

Sasa tuje kwa majirani wadogo, ambao hali yao inafanana na yetu.

Tukisema kweli, sharti tuseme wema kwanza. Mwaka 1988 mamluki walipotaka kuipindua serikali ya visiwa vya Maldivi, askari wa Bara Hindi walifika upesi wakaiokoa. Mwezi wa Desemba 2004 tsunami ilipopiga, nao wenyewe wakiwa wamefiwa, manuari zao zilikwenda kuwasaidia watu wa Sri Lanka, Maldivi na Indonesia. Mwaka 2022 Sri Lanka ilipofilisika, watu wakapanga foleni za petroli mchana na usiku, Bara Hindi iliipa msaada na mikopo ya dola za Marekani zipatazo bilioni nne. Kwetu Afrika, kimbunga Idai kilipoiharibu Beira mwezi wa Machi 2019, manuari za Kihindi zilikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mwenye kufaa hunyimwi shukrani yake.

Lakini ipo na kurasa ya pili. Nepal haina bahari, na mizigo yake mingi hupita Bara Hindi. Mwaka 1989, baada ya Nepal kununua silaha kwa Wachina na mikataba ya biashara kumalizika muda wake, Bara Hindi ilifunga njia za mpakani isipokuwa mbili. Mafuta ya taa yakaadimika, watu wakarudi kwenye kuni. Mwaka 2015 malori yakakwama tena mpakani kwa miezi. Nepal ikalaumu, Bara Hindi ikakana. Watu wa Nepal walifanya nini? Mwezi wa Machi 2016 walitia saini mkataba na China wa kupitisha mizigo yao upande wa pili. Njia hiyo ni ya milima mirefu na gharama zake ni kubwa, lakini kuwa na mlango wa pili, hata ukiwa mwembamba, humfanya mwenye mlango wa kwanza akutazame kwa adabu zaidi.

Sri Lanka nayo ina hadithi yake. Mwaka 1987 askari wa Bara Hindi waliingia huko kusimamia amani, wakajikuta vitani, na walipoondoka mwaka 1990 walikuwa wamepoteza askari wapatao 1,200. Haikuwa faida kwa mwenyeji wala kwa mgeni. Na Sri Lanka hiyohiyo, ilipomkimbia jirani mmoja kwa kukopa kwa mwingine, ilijikuta mwaka 2017 ikiwapangisha Wachina bandari ya Hambantota kwa miaka 99. Kumkimbia simba si hoja ya kuingia mdomoni mwa chui.

Watazameni na watu wa Maldivi. Mwaka 2023 walimchagua Rais Muizzu, aliyeahidi kuwaondoa askari wa Kihindi. Kufikia mwezi wa Mei 2024 askari hao walikuwa wameondoka, na mafundi wa kiraia wakashika nafasi zao. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, hazina ikiwa hali mbaya, Rais huyohuyo alikwenda Delhi akapata mapatano ya kubadilishana fedha ya dola milioni 400. Wapo waliomcheka. Sisi hatumcheki. Alilolitaka kuhusu askari alilipata, na alilolihitaji kuhusu fedha alilipata pia. Hakudhani kwamba kukataa jambo moja ni kuvunja ujirani wote.

Visiwa vya Shelisheli vilifanya hivyohivyo kwa utulivu. Serikali yao ilikubaliana na Bara Hindi kujenga kituo katika kisiwa cha Assumption, na mkataba ukatiwa saini upya mwaka 2018. Lakini wananchi walinung'unika, na Bunge halikuuidhinisha. Mkataba ukalala. Bara Hindi haikuwashambulia. Morisi, kwa upande wao, walikubali, na mwaka 2024 uwanja wa ndege na gati vilivyojengwa na Wahindi vilifunguliwa katika kisiwa cha Agalega. Twasema haya si kwa kusifu mmoja na kulaumu mwingine. Twasema kwa sababu wakubwa wawili, Bara Hindi na China, wanashindana katika bahari hii, na siku za mashindano ndizo siku ambazo neno la mdogo lina bei. Asiyelisema neno lake siku hizo, atalisema lini?

Na sasa turudi kwenye magunia yetu ya mbaazi.

Kwa nini Bara Hindi ilifunga mlango mwaka 2017? Kwa sababu miaka ya nyuma walipata ukame, dengu na mbaazi zikawa ghali, wakanunua popote. Kisha mvua ikanyesha, wakulima wao wakavuna sana, bei ikaanguka kwao, na Serikali ikawalinda watu wake. Mwezi wa Julai 2023 ilikuwa hivyohivyo kwa mchele: kwa kuchelea bei kupanda nyumbani, walizuia mchele mweupe wa kawaida usitoke, ingawa karibu sehemu mbili katika tano za mchele unaouzwa kati ya nchi na nchi ni wao. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2024. Serikali inayowatazama kwanza wananchi wake hatuna haki ya kuitukana. Sisi wenyewe twaitaka yetu ifanye hivyo.

Lakini sikilizeni jambo hili, maana ndilo kiini cha hotuba yetu. Ng'ambo ya mto Ruvuma, wenzetu wa Msumbiji walikuwa wametia saini hati na Bara Hindi mwaka 2016, kwamba itanunua dengu na mbaazi zao kwa kiasi kilichotajwa, tani 100,000 kwanza, na kupanda mpaka tani 200,000 baada ya miaka. Mlango ulipofungwa mwaka 2017, fungu la Msumbiji halikuguswa. Bei ilianguka hata kwao, maana hati ile ilitaja kiasi tu. Lakini mlango wao ulibaki wazi. Malawi na Myanmar zikaiga njia hiyo mwaka 2021. Na katika zuio la mchele, nchi zilizokwenda kuomba serikali kwa serikali, kama Bhutan, Morisi na Singapore, zilipewa mafungu yao. Mvua ni ileile na jirani ni yuleyule; waliokuwa na maandishi waliloa kidogo, wasiokuwa nayo wakaloa chepechepe.

Basi yatupasa tuondoke hapa na mambo matatu.

La kwanza, tuijue njaa ya jirani yetu mkubwa. Ahadi za karamuni ni tamu, lakini inayotuonyesha atakalotenda kesho ni hesabu ya mvua yake, mafuta yake na bei ya sokoni kwake. Mkulima na chama chake cha ushirika wapate habari hizo kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna.

La pili, urafiki uandikwe. Leo ujirani huu unakua: chuo cha ufundi cha Kihindi cha Madras kilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023, na mwezi wa Aprili 2025 manuari za Bara Hindi zilifanya mazoezi na za nchi kadhaa za Afrika Dar es Salaam. Ni mambo mema. Lakini anayepokea manuari za rafiki bandarini ana haki ya kumwuliza rafiki huyo, juu ya meza ileile, habari za mbaazi.

La tatu, tusiwe na mlango mmoja. Korosho zetu nyingi husafiri na maganda yake mpaka Bara Hindi, zikabanguliwe huko kwa mikono ya wengine. Mwenye kuuza mali ghafi kwa mnunuzi mmoja hana soko, ana bwana. Tubangue wenyewe, tukoboe wenyewe, na tukae pamoja na Msumbiji na Malawi, ili atakapokuja mnunuzi asitupange mmojammoja kama watoto.

Bara Hindi ni jirani yetu, na bahari haituruhusu kuhama. Hatumchukii, wala hatumwogopi. Twataka tu, siku atakapofunga mlango tena kwa ajili ya watu wake, mkulima wetu asiulize tena amekosa nini, bali aifungue hati yake na kusoma haki yake.