Bunduki si Baiskeli: Usibadilishe Vipuri Vyake Nyumbani
Hotuba ya fundi wa silaha mstaafu katika baraza la usalama, Kianjokoma



Leo nazungumza na wenye vyeti vya kumiliki bunduki na watu wa nyumba zao. Tumezoea kurekebisha vitu kwa kuazima kipuri. Baiskeli ikikatika mnyororo, tunatoa wa baiskeli nyingine. Kwa bunduki, tabia hiyo huua, na anayeumia kwanza ni aliyeishika.

Bunduki inapofyatuliwa, baruti huwaka ndani ya ganda la risasi na kutoa gesi yenye nguvu. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Ndani ya bunduki ya .303, nguvu hiyo hupita pauni 40,000. Kinachoizuia isikurudie usoni ni bolti, yaani komeo linalofunga risasi nyuma ya mtutu. Bolti ikiacha nafasi kubwa, ganda hupasuka na gesi hurudi nyuma. Nafasi ikiwa ndogo mno, bolti haifungi sawasawa.

Nafasi hiyo haipimwi kwa macho. Lee-Enfield Namba 4, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, ilikuwa na vichwa vya bolti vilivyopewa namba 0 hadi 3. Tofauti ya namba moja na inayofuata ilikaribia unene wa unywele. Ndiyo maana bolti iligongwa namba ileile ya bunduki yake. Bunduki mbili za aina moja, kutoka kiwanda kimoja, bado hazibadilishani bolti bila kupimwa kwa geji.

Msidanganywe na jina la risasi pia. G3 hutumia risasi ya 7.62, na AK-47 vilevile. Lakini ganda la G3 lina urefu wa milimita 51, la AK-47 milimita 39. Hizo ni risasi mbili tofauti. Kwa bunduki za marisawa, risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12. Ukiitia kwenye mtutu wa namba 12 huteleza mbele na kukwama. Asiyeiona akitia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hulipuka mkononi. Kwa hiyo msiweke aina hizo mbili mfuko mmoja.

Zipo bunduki zilizoundwa kubadilishwa mitutu, kama Blaser R8 ya Ujerumani. Hata hizo hutumia vipuri vya kiwanda vinavyolingana: mtutu, kichwa cha bolti na magazini ya risasi husika.

Wapiganaji wa Mau Mau katika msitu huu wa Mlima Kenya walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango. Nyingine ziliwapasukia wenyewe. Wao walikuwa vitani na hawakuwa na njia nyingine. Wewe unayo.

Basi fanyeni hivi. Soma maandishi kwenye mtutu na kwenye kitako cha risasi, yasipolingana, usitie. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha kufyatua, elekeza mtutu mahali salama, na bunduki ikaguliwe na fundi kabla ya kutumika tena. Kabla ya kusafisha, toa magazini, kagua chemba kwa macho na kidole, na risasi zikae chumba kingine. Kipuri kikiharibika, peleka bunduki kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, si kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Ukitaka mtutu wa risasi nyingine, ulizia kwanza Bodi ya Leseni za Silaha, kwa sababu cheti chako ni cha bunduki uliyoisajili.

Na wewe usiye na cheti, ukikuta bunduki au risasi za zamani darini kwa babu au shambani, usiziguse wala kuzijaribu. Zuia watoto, mwambie chifu, au piga 999 au 112.

Kipuri cha kuazima huonekana rahisi. Jicho au mkono hauna kipuri.