Somo la Redio: Kuchagua Programu ya Kusoma Hati Nyumbani

Leo twaeleza namna ya kuchagua programu ya kompyuta inayosoma maandishi yaliyomo katika picha. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matatu: picha, herufi, hati.

Labda mmoja wenu atauliza, "Mimi ninayo hati ya shamba nililoachiwa na baba. Nimekwisha kuipiga picha kwa simu. Programu ya nini tena?"

Sikilizeni vizuri. Picha ya hati ni picha tu. Kompyuta yaona weusi na weupe. Haijui kwamba hapo pana jina la baba na vipimo vya shamba. Ukiitafuta hati hiyo kwa jina kati ya picha mia, hutaipata. Lakini programu ya kusoma hutazama umbo la kila herufi, ikaligeuza kuwa herufi ya kweli, ambayo waweza kuitafuta, kuisahihisha na kuipiga chapa.

Programu hizi ni nyingi. Nyingine huuzwa, kama ABBYY FineReader. Nyingine hazina bei, kama Tesseract, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1985 katika kampuni ya Hewlett-Packard, na mwaka 2005 ikatolewa wazi kwa watu wote. Basi tusitazame bei peke yake. Tuulize maswali matatu.

La kwanza: Je, yajua Kiswahili? Herufi isiyoonekana vizuri, programu huikisia kwa lugha iliyofundishwa. Ukiiacha ikisie kwa Kiingereza, maneno yako yataharibika. Katika Tesseract Kiswahili kimo, lakini lazima ukichague mwenyewe. Ijaribu kwa neno "ng'ombe", uone kama ile alama ya juu imebaki mahali pake.

La pili: Hati yako imepigwa chapa, au imeandikwa kwa mkono? Tesseract ilitengenezwa kwa herufi za chapa. Ukiipa barua ya babu iliyoandikwa kwa kalamu, itakuletea maneno yasiyo na maana.

La tatu: Kazi hufanyika wapi? Programu nyingine husoma ndani ya kompyuta yako. Nyingine hupeleka ukurasa mbali kwa njia ya intaneti, usomwe huko, kisha urudishwe. Hati ya shamba au cheti cha hospitali ni siri ya nyumba. Fikiri kabla ya kuipeleka.

Sasa ifanyieni programu mtihani. Chukua ukurasa mmoja, uulaze sawasawa katika skana, uweke nukta 300 kwa kila inchi. Ukurasa huo huo upe programu mbili, kisha uhesabu makosa. Tufanye hesabu pamoja: programu ikikosea herufi 2 katika kila 100, ukurasa wenye herufi 1,500 utakuwa na makosa mangapi? Naam, makosa 30.

Tena, makosa yote si sawa. Neno likikosewa, jicho huliona upesi. Tarakimu ikikosewa, jicho hupita tu, maana 33 ni namba nzuri kama 83. Lakini shamba la hatua 83 likiandikwa hatua 33, ndugu watagombana. Kwa hiyo mmoja asome tarakimu katika hati yenyewe kwa sauti, na mwenziwe afuate katika kompyuta. Na hati yenyewe msiitupe kamwe. Programu ni msaidizi. Shahidi ni ile karatasi.

Kazi ya nyumbani: chagueni hati moja, mwandike katika daftari tarakimu zote zilizomo, moja moja. Siku mtakapoitia katika programu, daftari hilo ndilo litakalosahihisha kazi yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.